Mguu Juu Mpaka Kwenye Kigoda cha Ah-po

Nyie vijana mnaopita mbele ya gereji yangu hapa Same mkiwa mmeinua tairi la mbele juu, msidhani siwaoni. Nawaona sana, na shingo inaniuma kwa kuwatikisia kichwa. Kukimbiza pikipiki si ufundi. Hata jiwe linajua kwenda mbio, lisukume tu kutoka mlimani. Mimi naomba mtu mmoja aje anipandie lile rundo la matofali pale uani kwa gia ya kwanza, mwendo wa kobe, bila kusimama na bila kugusa chini. Wiki iliyopita alijitokeza mmoja, miwani ya jua, jaketi la ngozi. Pikipiki ilipanda, yeye akabaki.

Zamani huo ulikuwa mchezo kamili. Wenye pikipiki zao walikuwa na jina lake la Kiingereza, lakini sisi wa gereji tuliuita mguu juu. Hakukuwa na kumfukuza mtu. Mnapelekwa korongoni penye mawe, matope na magogo, mnaonyeshwa njia, mnapita mmoja mmoja. Mwamuzi haangalii saa, anaangalia miguu yako. Ukishusha mguu mara moja, alama moja ya kosa. Gurudumu likisimama, hata ukiwa umesimama kwa adabu kama bibi harusi, alama tano, umefeli hapo, nenda kakae kivulini. Aliyemaliza na makosa machache ndiye bingwa, na bingwa huyo pengine amekwenda polepole kuliko kuku.

Aliyenifundisha ni Singasinga mmoja mwenye gereji Moshi, Bwana Harbans, ndevu nyeupe na mikono yenye grisi isiyotoka. Alikuwa na pikipiki ya Kiingereza iliyomzidi umri mtoto wake wa kwanza. Jumapili alitupeleka mtoni, na alikuwa na njia yake ya kufundisha. Alichukua chapati ya chakula chako cha mchana, akaiweka juu ya tangi la mafuta, bila kufunga, bila sahani. "Panda mawe," anasema. "Chapati ikifika ng'ambo, utakula. Ikianguka, utakula vilevile."

Nimekula mchanga mwingi wa mto ule. Lakini ndiyo njia iliyonifundisha kuachia klachi kwa vidole viwili, kidogo kidogo, na kusimama juu ya vikanyagio magoti yakiwa laini ili pikipiki icheze chini yako na wewe utulie. Alinifundisha pia kutazama unakokwenda, maana ukilitazama jiwe, utaligonga. Hilo la mwisho limenisaidia hata katika ndoa.

Sasa nina malezi mengine yaliyopingana na yale ya Bwana Harbans, na msipoyajua hamtaelewa yaliyonipata Uchina. Nikiwa mdogo huku Upareni nilimpita mzee mmoja nikiwa juu ya baiskeli, nikampungia mkono. Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama hakuuliza swali. Alinichapa, kisha akanirudisha kwa yule mzee nikiikokota baiskeli, nikamwamkie upya, na nirudi nikiikokota tena njia nzima. Kwetu mtu mzima hapitwi na aliyepanda. Unashuka, unashika chombo chako pembeni, unasema shikamoo, ukijibiwa ndipo unapanda. Fimbo ya mama yangu iliingia hadi kwenye mifupa, na mfupa hausahau.

Basi mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Guangzhou, nakagua pikipiki kwa ajili ya wafanyabiashara wa kwetu. Chumba nilipanga nyuma ya Barabara ya Huanshi ya Kati, na ofisi yangu ilikuwa ngazi za jengo la Tianxiu. Nakaa pale, wateja wananipita, wananisalimu, mmoja anasema, "Fundi, kesho twende kiwandani." Mji wote siku zile ulijaa pikipiki. Zilibeba watu, magodoro, mabata hai, na niliwahi kuona moja imebeba friji na mwenye friji.

Shida ilikuwa ukaguzi wenyewe. Mkaguzi aliyenitangulia alikuwa na mtindo wa kusikiliza. Anapiga kiki, anavuta resi mpaka moshi unajaa, anainamisha kichwa, anasema, "Injini safi." Mzigo aliousifia ulipofika Dar es Salaam, mteja wa kwanza alitia gia mbele ya duka, klachi haikuachia, akaingia na pikipiki katikati ya mafundi cherehani. Alitoka na suti iliyokuwa haijaisha kushonwa.

Mimi nilikagua kwa mguu juu. Wanangu, pikipiki ikienda mbio huficha magonjwa yake yote. Ipeleke polepole juu ya vitu vibaya ndipo itakuungamia. Fremu iliyopinda itakuvuta upande. Kabureta mbaya itazima katikati ya tofali. Cheni iliyokaza mahali pamoja utaisikia inakohoa kila ikizunguka. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga, na mimi naongeza kwamba mwenda pole pia hauziwi mbuzi kwenye gunia.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Bi Zuhura, Mzanzibari mnene wa maneno, aliyekuwa akinunua vitambaa Zhongda miaka yote mpaka akakijua Kikantoni cha sokoni kuliko sala. Alinifuata kwenye ngazi siku moja, akaniambia amechoka na vitambaa, anataka kupeleka pikipiki Unguja.

"Fundi, mie nshawatangazia watu Darajani nzima," alisema. "Nshawaambia zinakuja pikipiki hazijapata kuonekana. Zikifika vilema, uso wangu ntauweka wapi? Watu hawatanicheka mwaka mmoja, watawarithisha watoto."

"Nitazikagua zote, Bi Zuhura."

"Moja moja?"

"Moja moja, juu ya matofali."

Alifurahi, akaninunulia tambi za nyama ya kondoo kwa wale Waislamu wa pale Huanshi, na mimi nikatafuna ahadi yangu bila kujua ugumu wake.

Kiwanda alichokichagua kilikuwa nje ya mji, yadi kubwa yenye karakana na ghala. Mwenyewe aliitwa Laobani Leung. Laobani ni bosi kwa Kichina, na wa kwetu wote tulisema hivyo. Alikuwa mtu wa Hong Kong, mwembamba, shati jeupe lisilochafuka, Kiingereza kizuri. Pikipiki zake zilikuwa tayari zimejipanga, zinangoja kufunguliwa magurudumu na kuingizwa kwenye makreti. Nikamwambia nataka kuzipanda zote.

"Bu xing," akasema. Hilo neno kila mfanyabiashara alilijua, maana yake haiwezekani. "Zimeshajaribiwa. Pikipiki yangu mpya haipandwi na mtu kabla ya mteja. Ukizikanyagisha matofali unaniuzia mitumba."

Bi Zuhura alimshambulia kwa Kikantoni, mikono juu. Bosi alitikisa kichwa tu. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Bi Zuhura akanigeukia, mikono sasa imeshuka. Mkataba alikuwa ameshaufunga. Zile pikipiki zilikuwa zake, nzima au vilema.

Nilitoka nje kwa hasira, nikaingia ghalani kutafuta kivuli, na huko nikaona kona ya turubai imefunuka. Chini yake palikuwa na shokapu mbili za nyuma, nyembamba, na ekzosi imepanda juu ubavuni. Nikafunua. Ilikuwa pikipiki ya mguu juu ya Kihispania, ya zamani zile, tangi jembamba, kiti kama ubao wa kukalia jikoni. Nilikuwa sijaiona ya namna hiyo tangu Moshi, na sioni haya kusema kwamba nililishika lile tangi na macho yakanilowa.

"Unaijua hiyo?" Laobani Leung alikuwa nyuma yangu.

"Hii haisimami," nikamwambia. "Ikisimama, tano."

Uso wake ulibadilika. Akakunja mikono ya lile shati lake jeupe. Kumbe ujana wake wote aliumalizia kwenye vilima vya Hong Kong, anapanda mawe. Tulikaa juu ya makreti tukazungumza kama waliosoma shule moja. Tukawasema vijana wa siku hizo, maana kanuni zilikuwa zimelegezwa, mtu anasimama katikati ya njia, anadundadunda na pikipiki kama mbuzi aliyepata majani mabichi, anachagua pa kupita, na bado anapigiwa makofi. "Kusimama ni kushindwa," alisema Laobani Leung, akipiga kreti kwa kiganja. Nikamwunga mkono kwa nguvu zote. Laiti ningenyamaza.

Kwa maana hapo hapo akapata wazo. Angenitengenezea njia pale yadini. Nikiipita yote juu ya ile ya Kihispania, kwa kanuni za zamani, bila kosa, nitakagua pikipiki zote za Bi Zuhura. Nikishusha mguu au nikisimama, makreti yanafungwa kama yalivyo na sitouliza tena.

Niliposema sawa, Bi Zuhura alinifinya mkono nusura aung'oe. "Fundi, mie sina utani na weye leo," akaninong'oneza. "Ukishusha guu, mie nshakwisha."

Laobani Leung aliipanga ile njia mwenyewe, kwa mapenzi, kama mwanamke anayepamba keki. Matofali yaliyomwagwa ovyo, tairi za lori, ubao juu ya mtaro, lundo la mchanga, kisha kupanda jukwaa la kupakilia mizigo na kushuka, na mwisho pengo baina ya safu mbili za makreti, karibu na lango. Wafanyakazi waliacha spana zao wakaja kutazama. Mmoja alikuja na mbegu za alizeti.

Nikapiga kiki. Ile sauti, tuk, tuk, tuk, pole kama mzee anayepanda ngazi. Nikasimama juu ya vikanyagio na nikamsikia Bwana Harbans sikioni. Nilikuwa hata na hamu ya chapati.

Matofali nikayapita. Tairi nikazipanda moja baada ya nyingine kama ngazi. Kwenye ubao wa mtaro nikatazama ng'ambo, si mtaroni. Mchanga ulitaka kunimeza gurudumu la nyuma, nikauegemeza uzito nyuma, nikatoka. Jukwaani nikapanda kwa pumzi moja, nikashuka taratibu kiasi kwamba tuk na tuk zilipishana kama wageni wanaogombea kutangulizana mlangoni. Bi Zuhura alikuwa anapiga vigelegele. Limebaki pengo tu.

Na pale pengoni akatokea Ah-po.

Huyo alikuwa mama mzazi wa Laobani Leung. Ah-po ni bibi, wafanyakazi wote walimwita hivyo. Kikongwe mdogo, suruali nyeusi, nywele nyeupe zimefungwa kisogoni, mkononi chupa ya chai na vikombe. Alikuwa anawaletea watu chai kama kila siku, na ghafla alijiona mbele ya mtu mweusi mrefu juu ya pikipiki ya mwanawe. Akasimama pembeni, akanipisha. Nafasi ya kupita ilikuwepo. Nisidanganye, ilikuwepo tele.

Wanangu, sikufikiri. Mkono ulibana klachi wenyewe, mguu ukashuka, wa pili ukafuata. Nikazima moto, nikaishika pikipiki pembeni, nikainamisha kichwa na kumwambia yule kikongwe, kwa Kiswahili safi, "Shikamoo, mama."

Kisha nikamsikia Bi Zuhura: "Mpare weyeee! Ntakuua!"

"Amesimama," alisema Laobani Leung. "Tano."

Mnajua wanavyotutania Wapare, kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Basi siku hiyo niliuza zizi zima. Nilimwambia mama huyu hakuwemo kwenye njia wakati tunakubaliana. Akajibu kwamba jiwe la mtoni nalo haliombi ruhusa ya kuwepo. Nikamwambia jiwe si mzazi wa mtu. Akasema kanuni haimtaji mzazi. Nikamwambia nilisimama kwa hiari yangu, sikushindwa. Akanikumbusha maneno yetu ya ghalani: kusimama ni kushindwa. Nikamtazama Bi Zuhura. Alikuwa amekaa juu ya kreti lake mwenyewe, ameshika shavu, na nilijisikia vibaya sana, maana adabu yangu ndiyo iliyomtia mwenzangu aibu ya Darajani nzima.

Ah-po akaja katikati yetu. Aliuliza kwa Kikantoni kwa nini huyu mtu alishuka, na alimwambia nini. Bi Zuhura akamjibu kwa sauti ya msiba kwamba kwao huyu, mtu hampiti mzazi akiwa amepanda. Kikongwe akasikiliza mpaka mwisho. Akanimiminia chai. Kisha akamwuliza mwanawe swali moja, na wafanyakazi wakaangua kicheko.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anamwuliza, na weye ungepita?"

Laobani Leung alisema bila shaka angepita, mchezo ni mchezo. Ah-po hakubishana naye. Alikwenda karakanani, akarudi na kigoda cha mbao, akakiweka pale pengoni upande mmoja, akaketi, akajimiminia chai yake. Upande wa pili aliacha nafasi ya kutosha tairi na kiwiko. Akamwonyesha mwanawe njia kwa kidole.

Na jamani, Laobani Leung alikuwa fundi. Namsema vizuri hata leo. Alivua viatu vyake vya ofisini, akavaa buti za karakana, akapita matofali kama anapita zulia. Ubaoni hakuyumba. Mchangani hata shati halikupata chembe. Alishuka jukwaa lile polepole kuliko mimi, nikajikuta nampigia makofi adui yangu. Akaingia pengoni. Mama yake hakumtazama. Alikuwa anapuliza chai.

Tuk. Tuk. Gurudumu la mbele lilifika usawa wa kigoda. Niliona bega lake linajaribu. Niliona anatazama ng'ambo kama inavyotakiwa. Kisha macho yakamponyoka, yakamwangukia mama yake, na mnakumbuka nilichowaambia: unachokitazama ndicho utakachogonga. Pikipiki ikazima. Laobani Leung akashusha miguu yote miwili, akainama, akasema, "Ma."

Kelele zilizopigwa pale yadini sijapata kuzisikia hata kwenye mpira. Wa mbegu za alizeti alizimwaga zote. Mimi nikapiga kelele kwa Kiingereza cha gereji, "Tano!"

Tano kwa tano. Laobani Leung alijaribu kusema kwamba sare haimpi mtu kitu. Lakini Ah-po alikuwa hajamaliza chai yake wala maneno yake. Bi Zuhura alituletea tafsiri huku machozi ya kicheko yakimtiririka. "Anasema lango hili alilijenga yeye na marehemu mumewe. Na kuanzia leo pikipiki haitoki mpaka ipite njia nzima na ije isimame mbele yake kwanza, imwamkie."

Kesho yake nilianza kazi. Ya kwanza ilipita vizuri matofali, tairi, mchanga, mpaka nikafika kwa Ah-po, nikabana breki, breki ikanikatalia. Bibi aliinua miguu yake miwili juu pamoja na chupa ya chai, kwa utulivu wa mtu anayepisha ufagio, nikapita pale vilipokuwa visigino vyake nikaenda kujipigiza kwenye makreti. Laobani Leung aligeuka rangi ya shati lake. Tulipofungua, kiatu cha breki kilikuwa kimefungwa kinyume, na si kwenye hiyo moja tu. Kesi yangu ikafa hapo, maana hakuna aliyekuwa na hamu ya kubisha tena. Zilipofika Unguja, Bi Zuhura aliniletea salamu kwamba Darajani wamebaki kumwonea wivu tu, na mguu wangu ameusamehe.

Ndiyo maana nawasumbua mpaka leo na breki. Msizijaribu kwenye barabara tupu. Jaribu ukielekea mahali ambapo huwezi kukosea. Nilikagua hivyo pale yadini misimu yote niliyobaki kule, na kila pikipiki nilishuka, nikasema shikamoo. Ah-po alijifunza kunijibu. Marahaba yake ilikuwa na lafudhi mbaya na ilinifurahisha kila mara.

Msimu wangu wa mwisho kabla ya kurudi nyumbani nilifika pale, nikakuta lango limefungwa kitambaa cha msiba na Laobani Leung amevaa nyeusi. Njia ilikuwa bado ipo, matofali, tairi, ubao. Kigoda kilikuwa pengoni, hakuna aliyekitoa. Tulikaa juu ya makreti mpaka akasema, "Tupande?"

Akachukua ile ya Kihispania, mimi nikachukua mpya mojawapo, bila yeye kusema neno kuhusu mitumba. Alitangulia, nikamfuata. Tulipita safi, wote wawili, wala sijapata kuendesha vizuri kama siku ile. Laobani Leung akaingia pengoni, mbele yake lango wazi, hakuna mtu wa kumzuia. Akasimama. Mimi nyuma yake nikasimama. Tukashusha miguu, yote minne, mbele ya kigoda kitupu, na hakuna aliyetuandikia kosa.